Nilijifanya Nimeajiriwa, Dada Yangu Akaacha Uuguzi Kunifuata

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja: Amina. Nililisema mbele ya kanisa zima, kichwa nimeinamisha, mkono wa mchungaji ukiwa begani mwangu. Mchungaji alikuwa akimshukuru Mungu kwa kazi yangu mpya. Kazi yenyewe sikuwa nayo!

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa sehemu za Matiliku, kaunti ya Makueni. Sijaoa. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, na mama ametulea mimi na dada yangu mdogo, Kavata, kwa shamba la ndengu na kwa kuuza mitumba siku za soko. Sikuwahi kufikiri ningeandikia watu nisiowajua mambo ya nyumbani kwetu. Lakini najua kuna kijana mahali fulani ambaye leo amekaa pale nilipokaa mimi, na yuko karibu kufungua mdomo...

Kuandika programu za kompyuta nilijifunza peke yangu. Nilipomaliza kidato cha nne karo ya chuo kikuu haikupatikana, basi nikaanza na simu iliyopasuka kioo, baadaye laptop kuukuu niliyouziwa na mwalimu wetu mmoja. Nilikuwa napanda kilima kilicho nyuma ya shule kutafuta mtandao, nashusha masomo, kisha narudi nyumbani kuyafanyia mazoezi.

Nilikuwa na tabia moja. Kama kitufe kimekaa vibaya kidogo tu kwenye ukurasa, sili. Nafuta kila kitu, naanza upya. Watu walisema mimi ni mtu makini sana. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Niliogopa mtu aone kazi yangu kabla haijanyooka, aseme, "Kumbe huyu hajui kitu."

Siku moja nikaona tangazo kwenye simu. Kijana ametabasamu, laptop mapajani, na chini yake wameandika kwamba huyu alisoma kwao kwa miezi michache na sasa ameajiriwa. Ilikuwa moja ya zile kozi za haraka za programu, zile wanaziita bootcamp, huko Nairobi. Nilimwonyesha mama. Aliitazama ile picha muda mrefu, akauliza, "Huyu ni Mkamba?" Jina lilikuwa la kwetu kabisa. Muthiani. Mama akasema kama wa kwetu ameweza, na wewe utaweza. Akauza fahali wetu wa kulimia.

Nilisoma kwa bidii, wasomaji wenzangu. Walimu walinisifu. Lakini kila tulipoambiwa tuweke kazi zetu mtandaoni ili waajiri wazione, mimi nilisema bado. Wenzangu waliweka vitu vibovu vibovu, vingine hata havifunguki! Mimi nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Vyangu vilibaki ndani ya laptop, vizuri, visafi... na hakuna aliyeviona.

Kisha nikaanza kutafuta kazi.

Jamani, niwaambie nini? Wanatangaza nafasi ya mtu anayeanza, lakini awe na uzoefu wa miaka mitatu. Nani huyo anaanza akiwa na miaka mitatu? Unatuma maombi asubuhi, unajibiwa papo hapo na mashine, "Asante, tutakujulisha." Baada ya hapo ni kimya. Kimya hicho kinaumiza kuliko matusi. Kuna kampuni moja ilinikataa kwa barua pepe iliyoanza, "Ndugu Brian." Mimi si Brian! Hata kukataliwa, nilikataliwa kwa jina la mtu mwingine.

Pesa za kukaa Nairobi zikaisha, nikarudi nyumbani. Nilikuwa nashinda kule kilimani na laptop, wazee wakipita na mbuzi wao wananiuliza kama bado nasoma.

Halafu siku moja ikaja barua pepe nzuri. Kampuni fulani iliniita kwa mahojiano ya mtandaoni. Nilimweleza mama vizuri, sikumficha. Nilimwambia, "Mama, bado. Wamenichagua tu nihojiwe."

"Nimesikia," akasema.

Kwetu kanisani watu hushukuru kabla ya kupokea. Mtu bado anameza dawa, anasimama kushuhudia kwamba amepona. Mwingine bado yuko na kesi ya shamba, anashukuru kwa hati. Ni imani, na simcheki mtu, mimi nimelelewa humo. Jumapili hiyo mama akasimama.

"Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Mungu amempa mwanangu Musyoka kazi ya kompyuta. Barua bado haijafika, lakini mbinguni ishaandikwa!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akaniita mbele, akaniwekea mkono begani, akaomba kwa ajili ya kazi yangu mpya, kisha akaniinamia, "Si ndiyo, kijana?"

Ningesema nini? Ningemwambia mchungaji, mbele ya mama, kwamba mama amekimbia mbele? Nikasema Amina.

Kufikia tulipotoka nje, lile neno "bado" lilikuwa limeshasahaulika. Watu walinisalimia kwa mikono miwili. Jirani yetu, mzee ambaye hakuwahi kulijua jina langu vizuri, aliniita injinia.

Mahojiano yakafika. Mama mmoja mpole na kijana mwingine walinihoji, wakafurahia majibu yangu. Kisha wakasema, "Tuonyeshe kitu ulichojenga mwenyewe."

Nilikuwa navyo! Vitano, sita! Lakini nikasema havijakamilika. Wakasema si neno, tuonyeshe hivyo hivyo. Nikawaambia wanipe wiki moja nivimalizie. Yule mama akatabasamu. Nililijua lile tabasamu... Barua ya pole ilikuja, na safari hii waliandika jina langu sawasawa.

Mama aliniuliza akiwa nje uani, amekaa na rafiki yake wa kanisani. "Ile kazi wamesema aje?"

Nilimtazama mama. Nilimtazama yule rafiki yake, macho yake yamenikazia. Nikawaza, mama alisimama mbele ya watu kwa ajili yangu. Nikisema hapana, aibu ni yake.

"Nimepata," nikasema. "Lakini ni ya kufanyia kwa mtandao, sio lazima kwenda Nairobi."

Mama aliinua mikono juu. Hapo ndipo uongo wangu ulipozaliwa, mchana kweupe, mbele ya shahidi.

Uongo unahitaji mahali pa kuishi. Nilisema mtandao wa kwetu ni mbaya, heri nihamie Kitui mjini. Nilichagua Kitui kwa sababu watu wa kanisa letu hawana shughuli huko. Nikapanga chumba, nikapata kibarua kwenye duka la kompyuta, saiba, la mama mmoja Mwislamu anaitwa Bi Salma. Babu zake walitoka Pwani zamani, lakini yeye kazaliwa Kitui na Kikamba anakizungumza kunishinda. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi za vitambulisho, kuchapa barua za watu na kuwajazia maombi mtandaoni.

Hata huko nilikuwa yule yule. Mtu analeta barua ya kuomba kazi ya ulinzi, mimi natumia nusu saa kupanga aya zilingane pembeni. Foleni inafika mlangoni.

"Musyoka!" Bi Salma angeita. "Wampambia mtu barua kama bibi harusi? Mwenyewe atazeeka hapo kwenye benchi!"

Watu wanacheka. Mimi nasema, "Dakika moja tu, Bi Salma."

"Dakika zako mimi nazijua. Zina watoto."

Nilikuwa natuma nyumbani kidogo nilichopata, na mama alidhani ndio mshahara wa kampuni. Aliniambia hao watu wanalipa vibaya, lakini tuendelee kushukuru.

Siku moja wale wa kozi wakanipigia. Walikuwa wanafuatilia wanafunzi wao wa zamani. Sauti ya msichana mchangamfu ikauliza kama nimeajiriwa. Kijiji kizima kinajua nimeajiriwa, ningeanzaje kusema hapana? Nikasema ndiyo. Akauliza kama naweza kuwatumia picha... nikiwa na laptop, nikitabasamu.

Nikatuma.

Ndugu zangu, mimi nilituma picha. Nilivaa shati jeupe, Bi Salma mwenyewe akanipiga picha kwa simu yangu bila kujua ni ya nini. Baada ya muda mfupi uso wangu ulikuwa kwenye matangazo, jina langu, na neno "ameajiriwa" kwa herufi kubwa.

Na unajua nani aliliona tangazo hilo?

Kavata tangu akiwa kidato cha pili alikuwa anataka kuwa muuguzi. Ndiye aliyemtunza nyanya yetu alipolala kitandani mwaka mzima, akimgeuza, akimwosha, akimwimbia. Alipomaliza shule alipata nafasi chuo cha uuguzi. Mama alikuwa ameshaweka akiba ya kuanzia. Kilichobaki kilikuwa siku ya kuripoti tu.

Akanipigia simu, sauti imejaa kicheko. "Bro! Nimekuona! Si hata ungesema umekuwa staa?"

Nikacheka kinafiki.

"Sasa sikiza," akaendelea. "Uuguzi ni miaka mingi, na wauguzi wenyewe wamejaa nyumbani wakingoja kuajiriwa. Wewe ulisoma miezi tu, uko kazini. Mimi nakuja laini yako."

"Fikiria vizuri," nikamwambia.

Hayo tu! Dada yangu anatupa ndoto yake kwa sababu ya picha yangu ya uongo, na mimi nasema fikiria vizuri! Mama naye akachukua simu. Akasema, "Musyoka, wewe ndiye baba yake sasa. Hiyo akiba inatosha kitu kimoja. Ukisema aende kwa hiyo kompyuta, ataenda. Ukisema uuguzi, ni uuguzi. Anaripoti Jumatatu ijayo, kwa hivyo tuambie mapema."

Neno langu moja lilikuwa linatosha. Nikawaambia nitawajibu.

Kesho yake nilimwomba Bi Salma ruhusa, nikaondoka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeamua kusema kila kitu. Nilipitia Emali kwanza ninunue chaja ya laptop, maana yangu ilikuwa imekufa. Pale barabarani, karibu na magari ya kwenda Loitokitok, kuna kijana alikuwa amepanga vifaa vya simu kwenye meza. Chaja, nyaya, vifuniko vya simu vya rangi rangi. Nilipoinua macho kuuliza bei, nikamjua. Nilikuwa nimeitazama ile sura mara mia kwenye simu yangu!

"Wewe si Muthiani?" nikamuuliza. "Wa lile tangazo?"

Akaangua kicheko. "Wewe wa ngapi sasa? Kila mtu akipita hapa ananijua, utafikiri ni mimi mheshimiwa."

"Kwani uliacha kazi?"

"Kazi gani? Nilipigiwa simu nikaulizwa, uko kazini? Nikasema ndiyo. Si niko kazini? Ama hii meza unaiona ni ya mchezo?"

Fahali wetu aliuzwa kwa sababu ya tabasamu la mtu huyu! Nilitaka kumshika shati. Lakini ningemshika nimwambie nini, ilhali picha yangu pia ilikuwa huko ikitabasamu?

Nikamwambia ukweli wangu wote, pale pale mezani. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Hakucheka tena. Akaanza kukunja waya.

"Mimi nyumbani nilisema," akaniambia. "Mzee hajaniongelesha mpaka leo. Nikiingia, anatoka. Lakini hiyo ni mimi... wewe jipange."

Maneno hayo yalinitia hofu. Kichwani nilimwona mama akiinuka na kutoka nikiingia. Nilikuwa na chaja mkononi na gari la nyumbani lilikuwa linaita abiria. Na mimi, mwanamume mzima, nikageuka nikarudi Kitui.

Nilipofika chumbani, nikapata nilichodhani ni wokovu. Kampuni moja inayotengeneza programu za hospitali ilikuwa imenijibu. Walinipa jaribio: nitengeneze programu ndogo ya kupangia wagonjwa zamu za kumwona daktari, niitume kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi. Nikajiambia, nikishinda hii, uongo wangu utakuwa kweli! Nitakuwa nimeajiriwa kweli. Nitakuwa na sauti ya kumwambia Kavata, "Nenda uuguzi, mimi nitalipa." Hakuna atakayejua, hakuna atakayeumia.

Bi Salma aliniruhusu nitumie kompyuta ya kona kila wateja wanapopungua. Kufikia Alhamisi programu ilikuwa inafanya kazi. Kweli inafanya kazi! Mgonjwa anaandikishwa, anapewa zamu, daktari anamwona kwenye orodha. Na kwenye maagizo walikuwa wameandika waziwazi: tuma hata kama haijakamilika, tunataka kuona unavyofikiri.

Mimi nilisoma hayo maneno nikafikiri ni mtego.

Ijumaa niliitazama, nikaona imepangwa vibaya ndani. Majina hayafuatani, rangi zimefifia. Nikafuta sehemu kubwa, nikaanza upya. Mama alipiga simu mara kadhaa. Sikushika. Nilijiambia nitampigia nikiwa na habari njema.

Jumamosi asubuhi stima ikapotea Kitui mjini. Laptop yangu haikuwa na chaji ya kutosha. Bi Salma alinikuta nimeshika kichwa.

"Si uliniambia juzi inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya, Bi Salma. Lakini bado."

"Bado nini?"

"Mpangilio... na rangi."

"Rangi!" Akapiga makofi mara moja. "Mgonjwa anaumwa tumbo, wewe wamtafutia rangi!"

Alienda mwenyewe kwa jirani mwenye jenereta, akaomba tuchomeke. Nilimalizia hapo hapo. Nilipobonyeza kutuma, ukurasa uliniambia muda umekwisha. Nilibonyeza tena. Tena. Nikawaandikia nikiwasihi. Wakanijibu kwa heshima kwamba wangependa sana kuona hata kazi nusu, lakini hawakupokea chochote kutoka kwangu.

Chochote! Nilikuwa na programu nzima Alhamisi.

Nililala siku mbili bila kushika simu. Nilipoishika, Jumatatu ilikuwa imepita. Kulikuwa na ujumbe wa mama: "Kwa kuwa umenyamaza, tumeona umekubali. Kavata amelipa kule ulikosoma. Mungu akubariki kwa kumwonyesha dada yako njia."

Nafasi ya uuguzi ilikwenda kwa mtu mwingine. Nami nilinyamaza tena. Miezi ikapita... Kavata akawa ananipigia kutoka Nairobi, ananiuliza maswali ya masomo, namfundisha kwa simu huku nimesimama nyuma ya mashine ya kopi. Masomo yalimlemea. Hakuyapenda, lakini hakulalamika. Alisema, "Nikikaribia kukata tamaa naangalia picha yako."

Mnaelewa jinsi maneno hayo yalivyonichoma?

Alipofunga kwa mapumziko alitaka kunishangaza, akaja Kitui bila kunipigia. Mtu fulani wa sokoni alimwelekeza kwa saiba, akimwambia kijana wa kompyuta kutoka Makueni hushinda hapo. Nilikuwa natoa kopi ya kitambulisho cha mzee mmoja. Nikainua kichwa, nikamwona mlangoni na begi mgongoni.

Bi Salma akamkaribisha. "Ingia, mwanangu. Wataka kuchapa ama kopi?"

"Namtafuta kaka yangu. Huyu."

"Ah! Wewe ndiye Kavata? Karibu, karibu! Kaka yako ndiye mkono wangu wa kulia hapa, toka mwaka jana tuko naye. Polepole kidogo, lakini hanivunjii mashine."

Kavata alinitazama. Alitazama ile kopi mkononi mwangu.

"Toka mwaka jana?" akauliza.

Nikaiweka ile kopi juu ya mashine.

"Bro, hii ndiyo ile kampuni?"

Yule mzee alichukua kitambulisho chake taratibu, akatoka bila kudai kopi. Nilijaribu kuzungumza, nikasema sijui nini kuhusu kungoja wakati mzuri. Kavata hakulia wala hakupiga kelele. Heri angepiga! Aliniuliza tu, "Siku nilikupigia kuhusu uuguzi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukasema nifikirie vizuri." Akavuta begi lake likae vizuri mgongoni. "Mimi sitamwambia mama. Utamwambia wewe." Akaondoka. Alilala kwa Bi Salma usiku huo, si kwangu.

Nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa uani, anapepeta ndengu. Nilimwambia yote, tangu siku ya mahojiano hadi rangi za ile programu. Aliendelea kupepeta. Nilipomaliza, akaweka ungo chini.

"Kavata anajua?"

"Ndiyo, mama."

"Ile nafasi haiwezi kurudi?"

"Haiwezi."

Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau. "Kazi ungekosa tu, Musyoka. Watu hukosa kazi. Kwani ningekufa? Nilisimama kanisani kwa sababu nakupenda. Wewe ukafikiri nilikuwa najitafutia jina." Halafu sauti ikamvunjika. "Lakini Kavata amekukosea nini?"

Mama hakuinuka akatoka kama baba yake Muthiani. Alilia. Nilitamani angetoka.

Juma hilo kikundi cha mama cha mwethya kilikuwa na zamu shambani kwetu. Kwa wasiojua, mwethya ni majirani kusaidiana kazi kwa zamu, leo kwako, siku nyingine kwangu. Walikuja kuchimba matuta ya kuzuia maji, na kabla hawajashika majembe mama akawaambia mwenyewe, "Ile kazi niliyoshuhudia haikuwepo. Mwanangu hakupata." Alisema hivyo akiwa amesimama wima. Mimi nilishika jembe nikaingia mtaroni nisimwone mtu.

Kisha mama mmoja mnene, rafiki yake mama, akasema kutoka upande wa pili, "Injinia, hiyo jembe haina vitufe! Pinda mgongo!"

Wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mwacheni. Wangu aliniambia yuko Dubai. Juzi nikasikia ameonekana Machakos, anauza mahindi ya kuchoma!"

"Wa kwako angalau anauza. Wangu alisema ameokoka!"

Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Nilicheka nikilia machozi ya kweli, jasho likinificha. Kumbe yale niliyoogopa kwa muda wote ule... ndiyo hayo? Utani wa asubuhi moja? Kwa sababu ya huu utani nilimnyang'anya dada yangu nafasi yake?

Lakini msidhani yaliishia kwa kicheko. Mama hakukaa tena viti vya mbele kanisani kwa muda mrefu, na katika uongozi wa akina mama alichaguliwa mwingine. Hilo lilikuwa deni langu, na akalibeba yeye.

Niliwapigia wale wa kozi nikawaambia waondoe picha yangu, kwamba sikuwa nimeajiriwa. Wakasema wataangalia. Nikapiga tena. Wakasema mhusika hayupo. Nilipiga mpaka yule msichana mchangamfu akaacha kuchangamka. Mwishowe picha ikaondolewa, na sijui ni wangapi walikuwa wameshauza fahali wao kwa sababu yake. Hilo linaninyima amani hadi leo.

Kijana mwenzangu unayesoma haya, nakusihi. Kama umesoma kozi na kazi haijapatikana, sema haijapatikana. Ile aibu unayoiona kubwa kama mlima, watu wataicheka asubuhi na jioni wamesahau. Uongo hausahauliki kwa sababu kuna mtu anaufuata nyuma yako, akidhani ni njia. Na kazi yako ionyeshe ikiwa nusu. Ionyeshe ikiwa na makosa! Hakuna mwajiri atakayeajiri kitu kilichofichwa ndani ya laptop. Na wewe unayetaka kujiunga kwa sababu ya picha ya mtu anayetabasamu, mtafute mtu huyo kwanza, umuulize anafanya kazi wapi, na nani anamlipa.

Sasa hivi nafanya kazi mjini Wote, kwa ofisi ndogo inayoandika programu za maduka ya dawa za mifugo. Nimeajiriwa kwa mkataba mfupi, mimi ndiye wa chini kabisa, na kila jioni natuma nilichofanya hata kama kina makosa. Niliipata kwa kuwaonyesha ile programu ya zamu za wagonjwa, ile ya Alhamisi niliyoichimbua tena kutoka kwa nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya Bi Salma, na rangi zake mbaya.

Kavata aliacha ile kozi, akaomba uuguzi upya. Ameanza mwaka huu, akiwa nyuma ya wenzake, na karo nalipa mimi. Tunaongea. Ila siku hizi nikimwambia jambo lolote, hata kwamba nimeshatuma karo, ananishukuru, anakata simu, kisha anampigia mama kuuliza kama ni kweli.